Sura Kwenye Pakiti ya Unga

Bhanu Ishwarlal alikutwa amelala kifudifudi kando ya mashine yake ya chapa, mkono wa kulia umenyooka mbele kama wa mtu anayetaka kuokota kitu. Kopo la wino lilikuwa limepinduka. Wino na damu vilikutana sakafuni, na Inspekta Kemboi, ambaye kazi yake ilikwisha kumwonyesha maiti nyingi, alisimama mlangoni akitafuta mahali pa kukanyaga.

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Februari, mwaka wa sabini na moja, majira ambayo upepo huchota vumbi jeupe la ziwani na kulimwaga juu ya mji wote wa Nakuru. Vumbi hilo lilikuwa limetanda juu ya karatasi rafuni, juu ya meza, juu ya kalenda ukutani. Juu ya mgongo wa marehemu lilikuwa halijatua bado.

"Hajafa muda mrefu," Kemboi alisema.

"Hata vumbi linamwogopa, Afande," akajibu Sajini Ogola. Ogola alikuwa mnene na mwenye maneno mengi, na maneno yalizidi kila alipohuzunika.

Mke wa marehemu, Manju, alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo karibu na mlango. Alipakata mkebe wa chakula, nao ulikuwa haujafunguliwa. Kemboi alichuchumaa ili asimwangalie kutoka juu.

"Mama, pole sana. Ni wewe uliyemkuta?"

"Ndiyo. Saa ya chakula yeye anakuja nyumbani kila siku. Leo hapana kuja. Nikasema labda iko kazi mingi. Nikaleta chakula."

"Mlango?"

"Imerudishwa tu. Funguo hapana."

"Ulimgusa?"

Manju alimtazama kama aliyeulizwa jambo la aibu. "Niligusa kichwa. Mimi ni bibi yake."

Jeraha lilikuwa moja tu, juu ya sikio la kushoto. Aliyempiga alimpiga mara moja, akaacha. Chini ya rafu ya karatasi Ogola aliokota mkono wa mashine, kile chuma kizito cha kuzungushia magurudumu ambacho huchomolewa kazi ikiisha. Kilikuwa na damu na nywele. Ogola alikipaka unga wa kutafutia alama za vidole, akapuliza, akatikisa kichwa. Wino ulikuwa umezivuruga zote.

Droo ya pesa ilikuwa wazi na pesa zimo. Saa ya marehemu ilikuwa mkononi mwake, inatembea.

"Huyu hakuwa mwizi," Ogola alisema.

Kemboi alikuwa ameinama juu ya meza ya kazi. Palikuwa na jiriwa, ile koleo kubwa ya mezani ya kubana kitu kisicheze, nayo ilikuwa imefunguliwa. Kuizunguka palikuwa na vinyuzi vya madini vilivyojikunja na kung'aa, vipya kabisa. Chini ya kiganja cha marehemu ilikuwepo tindo, na nyundo ndogo hatua moja kutoka hapo. Bhanu alikuwa anakata kitu cha madini alipopigwa. Alichokuwa anakikata hakikuwepo.

Kabatini bloki zilikuwa zimesimama safu kwa safu: vibao vya mti vilivyopigiliwa mabamba ya zinki, na juu ya kila bamba picha iliyochongwa. Hapa jogoo, pale simba, kule jua linalochomoza juu ya sabuni. Kila bloki ilikuwa alama ya biashara ya mtu fulani. Nafasi moja tu ilikuwa tupu, kwenye rafu ya juu.

Kando ya kopo la wino Kemboi aliokota kitambaa chekundu chenye ukingo wa nyuzi za dhahabu. Kitambaa cha namna hiyo watu hufungia kitu cha thamani. Hapa kilikuwa kimegeuzwa tambara la kufutia wino. Alikikunja akakiweka kwenye bahasha.

*

Jirani, mshona viatu, alisema kwamba asubuhi alisikia ugomvi. Mtu mrefu mwenye koti la mvua alikuwa anapiga kelele humo dukani. Alitoka akisema, "Utanikumbuka, Muhindi! Utanikumbuka!" Pikapu yake ilikuwa imejaa pakiti za unga, na ubavuni imeandikwa Mau Narok.

Hawakuhangaika kumtafuta. Walimkuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, amejiinamia mbele ya kikombe kilichopoa.

"Jina?"

"Hiram Kang'ethe."

"Kazi?"

"Nasaga unga wa uji. Ngano, mahindi na maharagwe ya njahi. Nina kinu na duka dogo huko Mau Narok. Sasa nimekosa nini, Afande? Kupigia mtu kelele ni kesi?"

"Bhanu Ishwarlal ameuawa."

Kang'ethe alitaka kusimama. Alikaa tena, na uso wake ukawa na rangi ya jivu.

Kituoni, Kemboi alimwekea mezani pakiti moja kutoka kwenye pikapu. Ilikuwa ya karatasi ya kaki, imebandikwa lebo ya rangi ya samawati. Juu ya lebo palichapwa: Unga Bora wa Kang'ethe. Chini ya maneno hayo alikuwepo mtoto wa kike, umri wake kama miaka minne, mashavu yamejaa, anacheka kwa jicho moja zaidi ya lingine.

"Ulimpigia kelele kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya hii lebo. Imeniharibia."

"Imekuharibia vipi? Nzuri hivi?"

"Ngoja nikueleze, Afande, usinikate. Unga bila lebo hakuna duka la Nakuru linaupokea. Unaambiwa, peleka kwa ng'ombe. Nikatafuta lebo. Kuna kampuni ya Nairobi, hao wanakuchorea alama yako mwenyewe, wanaiandikisha kwa serikali, inakuwa yako mpaka kufa. Lakini ungoje miezi, na unga wangu unangoja wapi? Wadudu wanaungoja! Kuna yule wa sokoni anauza lebo za kuokota, ukisoma vizuri unakuta imeandikwa siagi. Halafu kuna Bhanu. Bhanu akaniambia, bwana, niko na bloki ya zamani, mwenyewe aliacha biashara, tunabadilisha jina tu na wiki hii unapata. Akanionyesha huyu mtoto. Nikampenda. Nikasema, mama yeyote akimwona huyu atanunua."

"Na hawakununua."

"Kila duka limenirudishia. Hakuna mtu ananiambia kwa nini. Wanasema tu, toa hii lebo. Nikaenda kwa Bhanu, nikamwambia, umeniuzia mkosi. Akasema hajui lolote, nimwachie siku moja aulize. Nikapandwa na hasira nikatoka."

"Ulirudi saa ya chakula?"

"Sikurudi."

"Nani alikuona?"

"Nilikuwa nimelala ndani ya pikapu." Alijua jinsi jibu lake linavyosikika. "Afande, nina watoto. Mdogo hajaanza kutembea. Mnaninyonga kwa sababu ya lebo?"

Pikapu ilipekuliwa mpaka chini ya viti. Bloki haikuwemo. Hata hivyo mrakibu, mkubwa wake Kemboi, alikuwa amekwisha kuridhika.

"Ugomvi upo, shahidi yupo, tishio lipo. Mfikishe mahakamani kesho kutwa kwa mauaji."

"Bloki moja imepotea, Afande. Na marehemu alikuwa anaikata. Kang'ethe angeitaka ya nini?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza."

"Basi una mpaka kesho kutwa," mrakibu alisema. "Akishasomewa mashtaka, si mikononi mwako tena."

Kemboi alijua maana yake. Mtu akipatikana na hatia ya mauaji, jaji hana hukumu ya kuchagua, ni kitanzi. Alimkumbuka Kang'ethe alivyosema mtoto wake mdogo hajaanza kutembea, akachukua pakiti ya unga chini ya kwapa akaenda kuzungukia maduka.

*

Joginder Singh alikuwa na duka la vyakula karibu na landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa treni. Alikuwa mtu wa utani mwingi. Alipoiona pakiti mkononi mwa inspekta, alizirudisha ndevu zake nyuma kwa mikono miwili.

"Na wewe umekuja kuniuzia? Serikali imeishiwa kiasi hicho?"

"Kwa nini uliurudisha huu unga, Singh?"

"Unga mzuri, Inspekta. Mimi mwenyewe nimekunywa uji wake, tazama tumbo. Lakini akina mama wa landi wanaingia, wanaangalia rafu, wanatoka. Hata chumvi hawanunui. Mmoja akaniambia, Singh, huna haya? Nikamuuliza, haya ya nini? Akasema, huyo mtoto unayemuuza, sisi tulimzika."

Kemboi aliiweka pakiti kaunta polepole.

"Mtoto gani?"

Utani ulimtoka Joginder. "Aluoch. Mama yake, Milcah, alikuwa anatengeneza unga wa wimbi na mtama, kabla ya huyu wa Mau Narok. Unga wa Aluoch. Landi yote ilikuwa inakunywa. Sura kwenye pakiti ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe. Halafu ikaja ile surua mbaya. Mama akaacha kazi. Mume wake, Odero, akaomba uhamisho akaenda Kisumu. Mama akakataa kumfuata."

"Yeye ameiona hii?"

"Juzi. Alikuja kununua chumvi. Akaona rafu imejaa mtoto wake, pakiti kwa pakiti. Mimi nilikuwa napima sukari, sikufikiria. Akanunua pakiti moja, akaishika hivi, kwa mikono miwili." Joginder alionyesha kwa mikono yake mikubwa, na ilikuwa ni jinsi mtu anavyombeba mtoto mchanga. "Chumvi akaisahau."

"Anakaa wapi?"

"Alihamia Kaptembwo. Inspekta, huyo mama ni mtu mzuri."

"Sijasema kitu, Singh."

"Uso wako unasema."

*

Kabla ya kwenda Kaptembwo, Kemboi alipita nyumbani kwa marehemu. Kulikuwa na matanga. Wanawake waliovaa nguo nyeupe walikaa sebuleni chini, na katikati yao Manju, hana bangili hata moja. Kemboi aliona aibu kwa viatu vyake, akavivua.

Mzee Ishwarlal, baba yake Bhanu, alikuwa chumba cha nyuma. Ndiye aliyeanzisha duka lile, akaliendesha mpaka ugonjwa ulipompiga upande mmoja. Mkono wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Wa kulia ulitetemeka.

"Mzee, nisamehe. Si siku ya kukuuliza maswali."

"Uliza. Nikinyamaza namwona."

Kemboi alitoa kitambaa chekundu. Mzee alikitazama, akakichukua, akakinusa; kilinuka wino.

"Umetoa wapi hiki?"

"Dukani, sakafuni. Bhanu alikuwa anafutia mikono."

"Alikuwa anafutia mikono," mzee alirudia. Kisha Kemboi alimwonyesha lebo, na mzee akafumba macho.

"Mimi nilimchora," alisema. "Mama yake alimleta dukani. Nikamkalisha juu ya sanduku la karatasi, nikampa sukari guru asicheze. Alicheza tu. Ndiyo maana jicho moja linacheka zaidi."

"Alipokufa, mama yake alikuja?"

"Alikuja kuomba bloki. Na mimi sikumpa. Sikiliza, Inspekta, usinione mbaya. Bloki haitoki nje ya duka. Ikitoka, kesho mtu atachapa jina lako juu ya mfuko wa vumbi. Mwenye alama akifunga biashara, mchapaji anaipiga mkato wa tindo, kutoka kona hii mpaka kona ile. Hapo imekufa, hakuna atakayeitumia. Baba yangu alifanya hivyo. Ndiyo heshima yetu kwa mteja."

"Hii hukuikata."

"Nani angeweza? Nilishika tindo mara mbili. Mtoto ananicheka." Machozi yalimshuka bila yeye kuyafuta. "Nikamwambia mama, nitaifunga kitambaa, nitaiweka juu kabisa. Hakuna atakayeigusa. Kila mwaka, siku aliyokufa, uje nikuchapie karatasi moja. Moja tu, ya kwako. Akawa anakuja. Mpya anaiweka ukutani, ya zamani anampelekea baba ya mtoto. Halafu nikaugua."

"Bhanu alijua?"

"Sikumwambia." Mzee alikibana kitambaa kwa ule mkono uliotetemeka. "Jambo dogo, la mimi na yule mama. Nilifikiri nitapona. Mtoto wangu aliona bloki haina mkato, akadhani bado iko hai, inaweza kuuzwa tena. Angejuaje?"

"Mzee, siku aliyokufa yule mtoto ni lini?"

Ishwarlal alifumbua macho. Alimtazama Kemboi, na Kemboi akaona wakati uleule mzee alipoelewa.

"Ni siku ileile," mzee alisema. "Siku aliyouawa Bhanu."

*

Njia ya Kaptembwo ilikuwa ya mavumbi, na Ogola, kinyume cha kawaida yake, hakusema neno njia nzima. Chumba cha Milcah kilikuwa cha mwisho kwenye safu ya nyumba za mabati. Ogola alibisha akamwita kwa lugha ya kwao, Min Aluoch, yaani Mama Aluoch.

Mlango ulifunguliwa mara moja. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa mwembamba, mwenye leso safi kichwani. Chini ya kucha zake palikuwa na weusi wa wino.

"Karibuni. Nilikuwa nawangoja. Kaeni, chai iko tayari."

"Mama, hatukuja kunywa chai."

"Najua mlichokujia. Lakini kaeni."

Wakakaa. Ukutani palikuwa na karatasi moja, imekuwa ya rangi ya chai kwa moshi wa jiko, na tone la mvua lilikuwa limeshuka katikati yake. Aliyekuwemo hakuonekana tena ila jicho na kipande cha shavu. Kemboi akaanza kumpa onyo la kisheria, kwamba halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa.

"Andika tu," Milcah alisema. "Ni kweli mmemshika mtu wa Mau Narok?"

"Ni kweli. Kesho anapelekwa kortini."

"Nimesikia sasa hivi kwenye mfereji wa maji. Nilikuwa nafunga leso nije kituoni. Yeye hana makosa. Mtu akinunua kitu dukani atajua kimetoka wapi? Andika mimi."

"Tueleze."

Alikaa juu ya kitanda. Alizungumza kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda sokoni.

"Nilikwenda kwa ajili ya karatasi yangu. Mwaka jana sikupata, Mzee alikuwa mgonjwa. Nikasema mwaka huu nitamwomba kijana wake. Na nimwambie asimuuze tena mtoto wangu. Nilimkuta peke yake, watu wameenda kula. Nikamwonyesha pakiti. Nikamwambia, huyu ni Aluoch."

"Akasemaje?"

"Aliweka mikono kichwani. Akasema, mama, nisamehe, sikujua, baba hakuniambia. Alikuwa mpole, Inspekta. Uandike hivyo. Alikuwa mpole kuliko nilivyotegemea. Akasema lebo zote zilizobaki atazichoma. Akasema, usilie, hakuna atakayemtumia tena, nitaimaliza sasa hivi mbele ya macho yako."

Ogola aligeuza uso akatazama nje.

"Nilifikiri anataka kunipa," Milcah alisema. "Alipoitoa, nilinyoosha mikono. Yeye akaibana kwenye kile chuma cha meza. Akaniangalia, akatabasamu, kama mtu anayekufanyia wema. Akachukua tindo. Mimi sijui kazi yao. Sikuelewa mpaka alipogonga. Nikasema hapana! Akafikiri naogopa kelele, akasema, ni kidogo tu, mama, inaisha. Akagonga tena. Nikaona inaingia kwenye jicho lake."

"Ulishika nini?"

"Kitu kilichokuwa karibu. Sikujua ni chuma. Nilitaka aache. Nilitaka aache tu."

"Kisha?"

"Kisha akaacha." Alitazama mikono yake. "Nilifungua kile chuma nikamtoa Aluoch. Nilikuwa nafikiria yeye peke yake. Nilipofika kwenye daraja ndipo nikakumbuka kuwa yule kijana naye ana mama."

Kemboi aliandika. Kalamu ilikuwa nzito.

"Bloki iko wapi?"

Aliinua mto. Kulikuwa na sweta ndogo ya manjano, ya kufumwa kwa mkono, imefungwa vifungo vyote. Ndani yake alikuwemo mtoto wa zinki. Mkato ulianzia kwenye kona ya juu, ukapita kwenye jicho lile lililocheka zaidi, ukaishia shavuni.

"Sauti yake niliisahau mapema," Milcah alisema. "Harufu yake pia. Watu wanakudanganya kwamba mama hasahau. Sura ilikuwa inaanza kuondoka, nami kila mwaka nilikuwa naiendea kule, naipata mpya, wino bado una maji. Odero aliniita Kisumu. Nilimwambia siwezi kuuacha huu mji, mtoto yuko huku. Alifikiri nasema kaburi."

Hakutoa chozi. Alimpa Kemboi bloki, na sweta akaibakiza mapajani.

*

Kang'ethe aliachiliwa asubuhi iliyofuata. Alitia sahihi, akarudishiwa koti lake na funguo za pikapu. Ogola alimuuliza kwa mzaha mdogo kama lebo zake zilizobaki azichukue.

"Nitabandua zote," Kang'ethe alisema. "Nitauza kwa kipimo, bila sura ya mtu. Wasiponunua, tutakunywa wenyewe." Alifika mlangoni akageuka. "Huyo mama atanyongwa?"

"Inategemea jaji ataona nini," Kemboi alijibu. Usiku wote alikuwa ameandika taarifa yake kwa makini, kila neno alilolisema Bhanu na kila pigo la tindo, ili atakayeisoma aone kwamba mle dukani hakuna aliyeingia na nia ya kuua. Huenda ikawa kuua bila kukusudia. Huenda isiwe.

Kilibaki kitu kimoja. Mahakama ingetaka kujua kama kielelezo kile ndicho kilichochapa lebo za Kang'ethe, na mtu pekee aliyeweza kuapa alikuwa aliyeichonga bloki hiyo. Kemboi alimleta Mzee Ishwarlal dukani kwa gari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo tangu alipougua. Sakafu ilikuwa imesuguliwa, lakini mahali pale palibaki peusi kuliko pengine, naye alipazunguka.

Alipokea bloki. Alipitisha kidole juu ya mkato.

"Mkono wa Bhanu," alisema. "Alikuwa anakata vizuri. Mimi nilimfundisha."

Hakukubali kusaidiwa. Kwa mkono mmoja alipaka wino, akalaza karatasi, akakandamiza. Alipoibandua, Aluoch alikuwa anacheka, na mstari mweupe unampitia usoni kama umeme.

"Ndiyo yenyewe. Nitaapa." Alimpa Kemboi karatasi ile.

Kemboi alikuwa ameanza kuikunja alipomwona mzee anavuta droo ya chini kabisa, akatoa karatasi nyingine, nzito, nyeupe, ambayo si ya lebo. Akapaka wino tena. Mkono ulitetemeka, akangoja utulie, akakandamiza kwa muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza.

"Hii ya nini, Mzee?"

"Siku yake ilipita. Hakupata karatasi yake."

"Mzee, yule mama ndiye..."

"Namjua ni nani." Ishwarlal alipuliza wino ukauke. "Nilimwahidi mwenyewe. Bhanu hakuahidi. Mimi ndiye niliyeahidi." Alisimama pale ameishika, kama mtu ambaye hajaamua. Kisha akaitoa. "Ichukue kabla sijakasirika."

Jioni hiyo Kemboi alishuka mwenyewe mpaka seli ya wanawake. Milcah alikuwa ameketi ameegemea ukuta, sweta ya manjano mapajani. Kemboi alipitisha karatasi kati ya nondo.

Aliipokea kwa mikono miwili. Aliisogeza kwenye mwanga. Aliutazama ule mstari, akaupapasa, kisha akaishika karatasi yenyewe ukingoni, uzito wake, akaisogeza puani.

"Hii si karatasi ya lebo," alisema. "Hii ni ile yangu. Nani amechapa?"

Kemboi alishika nondo.

"Mzee."

"Mzee mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

Milcah Odero, ambaye hakulia alipokamatwa wala alipokiri, aliilaza karatasi juu ya sweta polepole, akichunga wino usiguswe, kisha akaangua kilio kilichosikika mpaka barabarani. Alikuwa anaita jina. Ogola, aliyekuwa mlangoni, alitega sikio akidhani atasikia jina la mtoto.

Alikuwa anamlilia Bhanu.